Manang Tiva na Wimbo wa Kufunga

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, Bi. Primitiva Lagahit, ambaye sote hapa kwenye duka kubwa la Bahandi tunamwita Manang Tiva kama dada yetu mkubwa, anastaafu leo, tarehe 30 Novemba. Kesho zinaanza saa za Desemba, na maduka yetu hapa Cebu yatafungwa saa tano usiku badala ya saa tatu. Wapo wanaosema amechagua tarehe kwa ujanja. Mimi ninayeuza sufuria jirani na chumba chake cha kipaza sauti nakataa, maana tangu asubuhi hajatulia hata kidogo.

Alianzia kaunta ya viatu. Hakudumu, kwa sababu kazi ile ni ya kuinama na kukaa, na Manang kukaa hawezi. Akapewa kipaza sauti. Tangu hapo ndiye aliyefungua siku kwa salamu, akatangaza watoto waliopotea na sala ya saa tisa alasiri, kisha akapiga wimbo wa kufunga. Kanuni yetu mnaijua: bila wimbo ule, mlango haushushwi.

Kanuni hiyo nusura imponze. Mwaka ule wa kimbunga, barabara zilijaa maji mchana na watu wakamiminika ndani wakiwa chapachapa, watoto mabegani. Bosi Yap akaamuru tufunge saa kumi. Manang akajifungia chumbani, akapiga nyimbo za Krismasi, tena mwezi wa Julai.

"Tiva! Wimbo wa kufunga uko wapi?" Bosi aligonga mlango.

"Naitafuta kanda, Bosi!"

"Unaitafuta wapi? Chumba chenyewe hata paka hageuki!"

"Ina aibu, Bosi. Watu wakikauka itatoka."

Ilitoka jioni, maji yalipopungua. Bosi, kwa hasira, akamwambia kesho asije kazini. Nililia, sifichi. Manang alikuwa na watoto wanaosoma, na kazi ilikuwa hiyo moja tu.

Asubuhi tukajipanga mlangoni kama kawaida, Bosi mbele, mkono kifuani, kumkaribisha mteja wa kwanza. Mlango ukapandishwa. Mteja wa kwanza alikuwa Manang Tiva, na kikapu mkononi! Bosi aliiva uso. Akatutazama, akamtazama, lakini desturi ni desturi, akainamisha kichwa.

"Karibu sana, mama." Kisha kicheko kikamshinda. "Haya, weka hicho kikapu. Umechelewa kazini."

Siku hizi mvua kubwa ikinyesha hatufungi mpaka watu wapate njia ya kwenda kwao. Hilo tumeachiwa na Manang.

Leo mchana, kwenye tambi za kumuaga, alikula amesimama, akiuliza tena na tena nani atashika kipaza sauti. Kisha akaninong'oneza: "Siku isiyo na saa ya kufungua, mtu anaianzaje, Inday, mdogo wangu?" Sijapata raha tangu hapo. Nimekwenda kwa Bosi Yap, ambaye sasa ni mvi tupu, na tumekubaliana.

Asante, Manang, kwa kila jioni uliyotuaga. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na miguu isiyochoka. Kesho saa nne asubuhi tutajipanga mlangoni, mkono kifuani, Bosi mbele. Usije kufungua. Njoo ufunguliwe.