Wimbo Yangu Kwenye Bariere ya Mbau

Bamama ba njia ya Mbau, na beye bandugu munasimama pale nyuma juu biti imejaa, ninabasalimia na upendo. Muliniomba nisimame niseme vile nilianguka na vile niliinuka. Nitasema. Mais sitataja mutu jina, juu bengine biko hapa na bengine bamekufa. Mama yangu iko pale mbele, anajifanya hasikii.

Miye nilikuwa mekanisien. Nilijifunza kazi Butembo, mu garaje ya muzee mumoja mukali, na pale njo nilikutana na Ndoyi. Munajua, sisi tunaita hivi mutu mwenye tuko naye jina moja. Muzee akiita jina, tulikuwa tunaitika babili, na babili tunakimbia na ufunguo. Njo urafiki yetu ilianza: kukimbia bure.

Ile wakati kila mutu Butembo alikuwa anapenda rumba, na gitaa tatu, na bacheza ngoma bamevaa suti. Sisi tulikuwa babili tu. Gitaa yangu ilikuwa inapitia mu radio ya zamani yenye spika ilipasuka, ilikuwa inalia kama kamyo isiyo na eshapema, ile bomba ya moshi. Ndoyi alikuwa anapiga pipa tupu ya mafuta ya mazutu na ngoma moja ya fanfare ya kanisa, yenye paroasi ilikuwa imetupa. Siku ya kwanza muzee alitusikia, alitoka chini ya gari, akasema: «Ni nini imevunjika?» Tulimwambia ni muziki. Alisema: «Basi muitengeneze.»

Mais bijana balianza kuja. Siku ya posho, mwisho ya juma, mangaribi garaje ilikuwa inajaa. Na tulikuwa tunaimba mambo yetu: maji ya bomba yenye haikuji, mwalimu mwenye anafundisha na tumbo tupu, binti mwenye alitolewa masomo juu kaka yake asome. Hatukuwa na wimbo hata moja ya kusema «chérie, rudi».

Wimbo yenye ilitupatia jina ilitoka kwa mama. Mama alikuwa analima huku Mbau, na kila juma alikuwa anabeba maharagi mpaka Beni, kamba kwenye paji. Katikati ya njia baaskari baliweka bariere, muti ya kufunga njia. Ilikuwa vita, hamutaki nibakumbushe. Ukipita, unaacha bakuli ya maharagi. Siku moja mama alitusimulia, Ndoyi akaanza kupiga pipa na vidole, na neno zikakuja zenyewe:

Bariere, bariere, tumbo yako haijae:
ulikula maharagi, ulikula na kuku,
sasa unaangalia kikwembe ya mama.

Bandugu zangu, nabaambia kweli, ile wimbo ilitembea kuliko sisi. Batoto balikuwa banaiimba Oicha, na sisi hatujafika Oicha.

Donc, mukubwa mumoja wa baaskari akaisikia. Alituita mu biro yake Beni. Tulijua tunaenda kupigwa. Kumbe alitukaribisha biti, akatupatia fanta. Alisema: «Muziki ni nzuri. Ni neno tu njo mbaya. Mubadilishe neno, nitabapatia gitaa ya kweli, na grupu, ile mashini ya kuleta umeme, na mutaimba mu radio.» Gitaa ilikuwa pale kwa ukuta, nyekundu. Miye macho yangu haikutoka kwa ile gitaa.

Ndoyi alisimama. «Mukubwa, miye ni wa pipa tu. Neno si yangu. Neno ni ya bamama.» Alisalimia na adabu, akatoka.

Miye nilibakia.

Nilimukuta inje, kwenye barabara. Nikamwambia: «Ndoyi, ni neno tatu tu.» Aliniangalia kama mutu anaangalia moteri yenye ilikufa. «Basi imba ile neno tatu weye peke yako.» Kisha juma moja alikuwa ameenda Kyavinyonge, kwa baba yake mudogo, kutengeneza moteri ya mapirogi ya babuvi ku ziwa. Hakuniaga.

Nikaimba. Mu radio, asubui na mangaribi:

Bariere, bariere, macho yako hailale:
unalinda maharagi, unalinda na kuku,
unalinda njia yote, tutembee na mama.

Nilikaa Beni, mu nyumba ya kupewa, na gitaa nyekundu. Pombe ilikuwa haikose. Nilijiambia: miye sikuua mutu, miye naimba tu. Mais nikienda soko kununua nyanya, muchuuzi ananiambia hakuna nyanya, na nyanya iko mbele yake. Nilianza kunywa kasikisi, ile pombe ya ndizi, tangu asubui. Mwisho, hata kufunga kamba ya gitaa ilinishinda.

Siku moja, mu jua ya sa saba, mama aliingia kwangu. Kitunga yake ilikuwa tupu. Nilimupatia kiti.

«Mama, maharagi iko wapi?»

«Bariere.»

«Balikupiga?»

«Hapana. Balikuwa na adabu. Mumoja alinisaidia kushusha kitunga, akachukua maharagi na kuku mbili. Mwenzake alikuwa anaimba. Aliimba muzuri, hata sauti yake inapita yako.» Alikunywa maji. «Alikuwa anaimba ile yako ya radio. Aliniambia: Mama, unasikia? Tunakulinda.»

Nilisukuma gitaa nyekundu nyuma ya kiti.

«Miye sikubaambia kama ni miye nilikuzaa», mama akasema. «Nilipata haya.»

Kisha akafunga kikwembe kiunoni vizuri, akabeba ile kitunga tupu, akarudi Mbau na miguu. Sikumusindikiza. Nilikaa chini pale pale. Bandugu, kuna kulia kwa pombe na kuna kulia kwa kweli. Ile siku nilijua tofauti.

Kesho yake nilipanda juu ya gari ya bamama ba samaki, nikaenda Kyavinyonge. Nilimukuta Ndoyi kwenye muchanga, moteri ya pirogi imefunguka mbele yake. Hakuniangalia. Akasema: «Shika hii.» Nikashika. Ilikuwa nzito, mafuta inanishukia mu mikono ya shati. Alifunga vis moja na ufunguo, alifunga ingine, bila haraka hata kidogo. Mwisho nikasema: «Ndoyi, nilikosa.»

«Najua. Shika muzuri.»

Siku tatu alinifanyisha kazi ile, na hakuna pombe. Nilitapika, nilitoka jasho, usiku alinifunika na bâche yake, ile turubai ya kufunika moteri. Siku ya ine tulikuwa tunakula samaki, akaanza kucheka peke yake. «Nilitengeneza ngoma mupya hapa,» akasema, «mais inalia muzuri sana. Inakosa mutu wa kuharibu.» Nikajua amenirudisha. Mais akaongeza: «Kwanza utaenda kwa bamama. Si miye peke yangu ulikosea.»

Munakumbuka ile siku ya Mungu, inje ya kanisa, Mbau. Nilisimama mbele yenu. Nikasema yote. Mukaka mumoja, mama muzee, njo ule pale anacheka, akauliza: «Kumbe ni weye ulifundisha baaskari kuimba?» Mulinicheka mpaka nikatamani udongo inimeze. Kisha akasema: «Basi imba yetu, tusikie kama bado unaijua.»

Tukaimba, miye na gitaa nyekundu, Ndoyi na pipa. Katikati mama mumoja akainua mukono. «Pale unasema kikwembe ya mama. Sema na ya binti.» Hakuna mutu alicheka tena. Tuliweka ile neno, na iko pale mpaka leo.

Kisha siku mbili baaskari balitukamata. Balivunja gitaa nyekundu kwa ukuta, na sikuisikitikia. Mu kasho, ile chumba ya kufunga batu, Ndoyi alikuwa analala kama mutoto. Miye nilikuwa nahesabu hatua ya askari inje, mpaka asubui.

Na munajua mulifanya nini. Hamukupiga kelele, hamukutupa jiwe. Mulikaa nyumbani. Hata maharagi moja haikupita ile njia. Siku ya kwanza baaskari balicheka. Siku ya tatu balikuwa banaulizana nani alipika. Siku ya tano ule mukubwa alifungua kasho yeye mwenyewe, akasema: «Muende, muambie bamama barudie kazi.» Ndoyi akamuuliza na ile adabu yake: «Mukubwa, tubaambie na wimbo gani?» Nilitaka kumuziba kinywa!

Siwezi kubadanganya: bariere haikutoka ile siku. Ilikaa mpaka vita yenyewe ilichoka. Mais bakuli ilikuwa ndogo, na mabinti balikuwa banapita makumi kwa makumi, hakuna mumoja peke yake, na hakuna askari aliimba tena mbele ya mama.

Mama alinipikia sombe, majani ya muhogo. Hakusema amenisamehe. Alisema: «Kula, kisha uniimbie pole pole, nisikie kila neno.»

Ninasema aksanti kwa Mungu mwenye alinitoa mu pombe. Ninasema aksanti kwenu bamama, mulilala na njaa juu ya bijana babili ba kelele. Ndoyi, wasingya kutsibu, aksanti sana mu luga yetu. Najua unachoka kusikia, nitasema tu.

Na beye bijana muko na gitaa pale nyuma, musikie hii moja. Mutu mukubwa akikuomba ubadilishe neno moja, hata ndogo, usimujibu pale pale. Rudi kwanza nyumbani, umwimbie ile neno mupya mama yako, mu macho. Ukishindwa kumaliza, basi umepata jibu. Miye sikurudi nyumbani. Ni mama njo alitembea na miguu mpaka kwangu kuniletea jibu, na muko munajua, bamama, kutoka Mbau ile njia ni ndefu.