Giza la Mwenye Jengo

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya saluni ya kinyozi. Mchana ule walikuwa wamelikalia watatu. Katikati alikaa Ghorofa, fundi wa lifti, pande la mtu ambaye siku hizi akisikia mlango unajifunga nyuma yake hutoka jasho. Kulia kwake alikaa Wembe, mwenye saluni, aliyekuwa amemwacha mteja ndani na povu usoni ili aje kusikiliza "dakika moja tu". Kushoto alikaa Jalada, muuza vitabu chakavu, na jina hilo kalipata kwa haki, maana hakuna kitabu anachouza ambacho hajakisoma jalada la mbele na la nyuma. Mbele yao, juu ya kigoda, alikuwepo Bi Kahawa na birika lake. Ghorofa alikuwa na hasira. Aliamka nayo, akapanda nayo ngazi, akashuka nayo, na sasa alikuwa amepata watu wa kumsaidia kuibeba.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwezi uliopita alikuwa ndani ya lifti akiitengeneza, umeme ukakatika, lifti ikagoma katikati ya ghorofa mbili, naye akakaa gizani mpaka jioni. Alipotolewa alitania na kila mtu. Kesho yake miguu ikakataa kuingia. Tangu siku hiyo fundi wa lifti anapanda ngazi na boksi la spana begani, hadi wafagiaji wanamwonea huruma. Bosi akampeleka kwa mnasihi na kumwambia bila kupepesa macho: Jumatatu unaingia kwenye lifti, la sivyo unahamia getini kufungulia magari. Ghorofa alikwishakwenda kwa mnasihi mara moja. Leo saa kumi alitakiwa arudi, na alikuwa ameapa kwamba harudi ng'o.

— Nilikwenda na tatizo moja, — alisema. — Lifti. Moja tu, jamani! Nimerudi na manne. Kifo, uhuru, upweke, na maana ya maisha. Lifti yenyewe hata hatujaigusa!

— Amekuongezea? — Wembe alishangaa. — Duh! Tabibu gani huyo anampa mgonjwa nyongeza?

— Na dawa? — aliuliza Bi Kahawa.

— Dawa gani, mama? Hata maji ya kunywa niliomba mwenyewe. Binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho ananikalisha kwenye kochi, ananiambia, "Baba, nieleze giza lilivyokuwa." Nikamwambia giza ni giza. Akasema, "La kwako je, lilikuwaje?" Hivi mimi nina giza langu? Lile giza ni la mwenye jengo!

Benchi likaafiki kwa sauti moja. Umeme ni wa mwenye jengo, kwa hiyo ukikatika na giza ni lake. Mtu wa mshahara hawezi kubebeshwa hata hilo.

Jalada alikohoa. Alikuwa na kikohozi maalumu cha elimu.

— Ndugu zangu, tiba hiyo naijua. Nimewahi kuuza kitabu chake. Ina mizizi kwenye falsafa. Walitokea watu huko Ulaya wakasema tumechoka na nadharia, turudi kwenye vitu vyenyewe. Usiseme "hii ni hofu", maana hapo umeshabandika lebo. Sema ilivyokujia. Mikono ilifanya nini, muda ulikwendaje, ukuta ulikuwa mbali au ulikusogelea. Yale uliyokwisha kuyajua yote unayaweka kwenye mabano kwanza.

— Niweke lifti kwenye mabano?

— Ndiyo.

— Halafu nani ananitoa kwenye hayo mabano? Zimamoto?

Wembe alicheka mpaka ubao ukatikisika. Jalada hakukata tamaa.

— Mwingine akaja akasema binadamu ametupwa tu duniani. Hakuulizwa, hakuchagua, anajikuta yumo, na mwisho wake anaujua.

— Katupwa? — Bi Kahawa aliweka birika chini kwa kishindo. — Mimi nimezaa saba, sijatupa hata mmoja! Huyo bwana ana mama?

— Alikuwa naye, nadhani.

— Basi amemkosea adabu! Mtu abebwe mgongoni, afutwe kamasi, akikua aandike kitabu kwamba alitupwa? Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyejua methali hiyo inahusu nini hapo, lakini kwa vile alikuwa ndiye mwenye kahawa, iliachwa ipite.

— Sikilizeni la uhuru, — Ghorofa aliendelea, na sauti yake ilizidi kupanda. — Ananiuliza nani alinichagulia kazi hii. Nikamwambia tumbo. Akasema, "Lakini kila asubuhi unaichagua tena." Naichagua! Mimi nina watoto wanaokula kama nzige, naambiwa nachagua! Akaniuliza kwa nini naamka asubuhi. Nikamwambia, mwanangu, kwa sababu kumekucha!

— Umemjibu vizuri, — alisema Wembe. — Lakini angalia sana, ule ni mtego. Wanakuuliza kwa nini unaamka. Siku ukikosa jibu wanaandika huyu hana haja ya kuamka, na kazi anapewa mpwa wa bosi. Kwani yule mnasihi analipwa na nani? Si bosi huyohuyo? Mimi nakwambia hata umeme waliukata makusudi.

— Wakate umeme wa jengo zima kwa ajili yangu?

— Wewe hujui thamani yako. Isitoshe, lifti sijawahi kuiamini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa niambie, kuna kitu kinajitembeza kama lifti?

— Na aliye juu mngoje chini, — aliongeza Jalada. — Wahenga walipiga marufuku lifti kabla haijavumbuliwa.

— Sanduku ni sanduku, — alisema Bi Kahawa, sasa kwa sauti ya chini. — Mtu hafungiwi kwenye sanduku akiwa hai. Roho inadhani imeshafika.

Ghorofa aliinamia kikombe chake. Neno hilo lilimchoma kuliko alivyotaka waone. Maana kuna jambo la kule kwa mnasihi ambalo hakuwa amewasimulia, na ndilo hasa lililokuwa linamkera usiku na mchana. Yule binti alimuuliza, "Mle ndani ulikuwa na nani?" Akamjibu kwa kejeli kwamba alikuwa na spana zake. Binti hakucheka, wala hakuandika kitu. Alinyamaza tu, akimtazama kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Kimya hicho ndicho kilichomfanya Ghorofa ainuke na kuondoka kabla ya muda. Kweli kabisa, alikuwa amemchukia yule binti kwa kile kimya.

— Siendi! — alisema, akajipiga paja. — Jumatatu wanipeleke getini. Nitafungulia magari. Geti halina maswali.

— Usiende! — Wembe aliunga mkono. — Watu wa maneno hao. Mtu amezama, wao wanamuuliza maji yana ladha gani!

Hapo pazia la saluni likafunguka. Mteja wa Wembe alitoka akiwa amefungwa shuka shingoni. Shavu moja lilikuwa limenyolewa, la pili lina povu lililoanza kukauka.

— Samahanini jamani, — alisema. — Mimi mgeni mtaa huu, na shida yangu ni hili shavu tu. Lakini nimekaa mle ndani nasikia yote. Hivi, bwana, kule kwenye lifti simu hukuwa nayo?

— Nilikuwa nayo.

— Haikushika?

— Ilishika.

— Ulimpigia nani?

Ghorofa alikunywa kahawa iliyokwisha.

— Kampuni. Wakasema mafundi wako njiani. Halafu...

Wembe alikuwa amegeuka, anamtazama. Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

— Ngoja kwanza. Siku ile mchana. Nilikuwa na mtu kitini, mikono ina sabuni. Ulinipigia mimi.

— Nilikupigia.

— Nikakuuliza mambo vipi.

— Nikasema poa.

— Ukasema unanisalimia tu! — Wembe alisimama, na sasa hasira yote ya benchi ilikuwa imehamia kwake. — Uko gizani, umening'inia kwenye kamba, unaona unakufa, unaniambia mimi poa? Mimi! Mtoto wako wa kwanza nani alimnyoa nywele za kwanza? Ningekuja! Ningepanda ngazi zote na aproni yangu, nikakaa nje ya mlango ule nikupigie soga mpaka wakutoe!

— Najua.

— Unajua?

— Nilijua hata wakati ule. Simu ikiwa sikioni.

Mteja aliwatazama wote wawili, shuka bado liko shingoni.

— Sasa kwa nini hukumwambia?

Bi Kahawa alishika birika lakini hakummiminia mtu. Ghorofa alilitafuta jibu kwa dhati. Alirudi kulekule ndani, kwenye mwanga mdogo wa simu na jasho la kiganja, akaisikia sauti ya Wembe ikimuuliza mambo vipi, na nyuma yake redio ya saluni na watu wakicheka. Neno lilikuwepo kooni. Nimekwama. Ni neno dogo, mtoto wa miaka miwili analiweza.

— Sijui, — alisema. Kisha akauliza, — Saa kumi imefika?

— Bado! — Wembe alifoka, macho yamemwiva, akamshika mteja mkono kumrudisha kitini. — Namalizia shavu la huyu bwana. Na usithubutu kwenda peke yako!