Chekeche Likiziba

Ndani ya teksi ya Probox tuliyopanda kutoka Timau kwenda Meru, mzee mwenye vumbi la ngano kwa kofia alimwambia mama aliyemshikilia mumewe, ambaye alikuwa akihema, "Fungua dirisha apate hewa." Dirisha lilikuwa wazi tangu Timau.

"Hewa inaingia, mzee. Lakini daktari anasema vifuko vya mapafu vimekuwa vigumu. Oksijeni haipiti kuingia kwa damu, na hewa chafu haitoki."

"Kumbe ni kama chekeche la ngano likiziba! Sisi huligonga tu."

"Huyu ndiye alikuwa akiligonga huko kinuni, miaka ishirini. Vumbi ndilo limemmaliza. Sasa niambie, mapafu hugongwa wapi?"

Gari likasimama getini pa hospitali. Mzee akavua kofia, akaikung'uta dirishani, na upepo ukaturudishia vumbi lote ndani.