Daktari Osanai Anapumzika, Nasi Tumejifunza Kusema Tunaumwa

Tarehe 31 Machi, Daktari Osanai Fumihiko atastaafu baada ya kuwatibu wagonjwa wa akili wa mji wetu wa Kamisawa kwa miaka thelathini na mmoja. Wasifu huu ulikuwa uandikwe na wauguzi, lakini Muuguzi Mkuu, Bi Akaishi, anasema kila aliyeanza alifika mstari wa pili akalia. Kwa hiyo nimepewa mimi, mwanafunzi ninayesaidia jikoni mwa kliniki yetu siku za Jumamosi. Mama yangu ni mmoja wa wagonjwa wake.

Daktari Osanai ni mtoto wa wakulima wa matufaha. Alipokuwa akisoma alitaka kuwa daktari wa upasuaji. Kisha akapangiwa wodi moja ya wagonjwa wa akili, akamkuta mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwa ametembelewa na yeyote, akakaa naye kucheza karata, na hakurudi tena kwenye upasuaji. Idara ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu, ambayo huwagawa madaktari wake kwenye miji midogo kama mkulima agawavyo miche, ilimtuma hapa kwa mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha hakupatikana wa kumpokea kazi. Uliofuata vilevile. Wenzake walifungua kliniki zao katika mji mkubwa, karibu na stesheni, ambako jioni mlango hufungwa na daktari huenda kula na watoto wake. Hakuwahi kuwasema vibaya. "Na huko pia watu wanaumwa," husema.

Huku kwetu watu hawapendi kueleza ya moyoni wakitazamwa usoni. Daktari aligundua hilo mapema. Alipokwenda kuwaona wagonjwa nyumbani wakati wa baridi, alibeba beleshi, akaanza kuondoa theluji mlangoni. Mwenye nyumba, kwa kuona haya, alitoka na beleshi lake. Wakiwa bega kwa bega, macho chini, maneno yalianza kutoka. Mama yangu alizungumza kwa mara ya kwanza hivyo, baada ya majira mazima ya kunyamaza.

Mwaka jana, tulipojua kwamba anastaafu, hofu iliingia mjini. Bila daktari, kliniki ingefungwa, na wagonjwa wangelazimika kwenda mji mkubwa kwa treni, ambayo theluji huisimamisha inavyotaka. Mama hawezi kupanda treni. Akifika stesheni, miguu inakataa.

Mwezi wa Novemba idara ilimtuma Daktari Mikami Chizuru, kijana bado, aje aone kama kazi itamfaa. Hapo tulifanya kosa. Wauguzi walipunguza wagonjwa wa siku hiyo ili mgeni asiogope mzigo. Wagonjwa nao waliambizana wasiseme shida zao. Mzee Narita, ambaye husikia sauti zisizosikiwa na wengine, alivaa suti yake ya kwendea mazishini. Mama, ambaye alikuwa hajapata usingizi, alipaka rangi ya mdomo akasema analala fofofo. Mgeni aliwauliza wote hali zao, nao wote wakajibu, "Hatujambo kabisa, Daktari." Tukampa matufaha, akaondoka.

Baada ya wiki chache idara ilitoa uamuzi: kwa kuwa Kamisawa haina shida kubwa, kliniki ifungwe Machi, na daktari awe anapita mara moja kwa mwezi.

Daktari Osanai alitoka ofisini kwake na uamuzi huo akasimama mbele yetu kwenye chumba cha kungojea.

"Miaka yote hii nawafundisha kusema mnaumwa," alisema. "Anakuja mgeni siku moja, mmepona wote. Niwapongeze au niwatoze faini?"

Bi Akaishi alisema, "Daktari, kosa ni letu wauguzi." Mzee Narita akasema, "Suti ni yangu, wewe usijitwike lawama."

Daktari alimpigia simu Daktari Mikami, akamwomba arudi siku yoyote bila kutuarifu. Alirudi Januari, treni yake ikiwa imechelewa, viatu vimelowa. Chumba kilijaa watu. Mmoja alikuwa analia, mwingine alikuwa anazungumza na ukuta. Mchana Daktari Osanai alimpeleka nyumbani kwa Mzee Narita, nami nilikuwepo kwa sababu nilimpelekea mzee chakula. Alipewa beleshi.

"Daktari, unachota theluji kama anayepakua wali," Mzee Narita alimwambia. "Weka goti lako kazini."

Waliendelea kuchota. Kisha mzee akasema, bila kuinua macho, "Mara ile nilikudanganya. Sauti hazijaniacha. Nilidhani ukijua tulivyo, hutarudi."

"Na mimi nilificha jambo siku ile, babu," Daktari Mikami alijibu. "Wagonjwa hawanitishi. Ninachoogopa ni kuwa peke yangu."

Daktari Osanai alikuwa anaondoa theluji upande wa pili wa mlango. Akasimama, akaegemea beleshi. "Basi usikubali kuwa peke yako," alisema. "Mimi nilikubali, na binti yangu alikua nikimwona amelala. Watu wananisifu kwa hilo. Wewe usilitafute."

Wiki iliyofuata madaktari wote wawili walikwenda kwenye idara kuomba uamuzi ubadilishwe. Hatukulala vizuri siku hizo, na mama hakutaka hata redio iwashwe. Jibu lilikuja mwishoni mwa Februari: Daktari Mikami atakuwa hapa siku tatu kwa wiki, na mwenzake atashika siku mbili zilizobaki. Wahenga husema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni makubaliano ya miaka miwili tu, na baada ya hapo hatujui. Lakini kliniki haifungwi. Mama ameandikishwa Jumatano ya kwanza ya Aprili, na ameahidi kwamba hatapaka rangi ya mdomo.

Daktari Osanai, asante kwa kutungojea tulipokuwa hatuwezi kusema. Asante pia kwa binti yako, ambaye alikukosa kwa ajili yetu. Tunakuombea afya, milo ya moto iliyoliwa kwa wakati, na majira ya baridi marefu ya kukaa ndani. Theluji ikianguka usiku na simu ya kliniki ikilia, lala. Yupo wa kuipokea.