Barua ya Mukono wa Kushoto

Mukae, mama zangu na baba zangu, musisimame kwa ajili yangu. Niliomba Mompere, padri wetu, dakika kidogo baada ya misa, akanipa. Wale wa zamani wananijua. Wale waliofika juzi munajiuliza: huyu mwenye koti na viatu anatafuta nini huku kwetu? Basi mutazame mukono huu wa kuume. Vidole hivi havinyoki tena. Nilikuwa mugonjwa wa ukoma kama ninyi, na nyumba yangu ilikuwa ile ya mwisho, karibu na shamba la mihogo.

Mimi ni mutoto wa watu wa kulima, upande wa Lusangi. Baba alilima pamba ya Leta, ya serikali, mama mupunga. Mimi nikapata shule ya mapadri, nikatoka na diploma ya ualimu, nikafundisha Kabambare. Siku moja direktere wangu akaniita kwenye barza ya shule.

“Mwalimu, iko shule ya juu, walimu wenye diploma wanaenda kusoma tena, wapate kufundisha walimu wenzao. Utengeneze dosie yako, nitakutolea ushuhuda.”

Ndugu zangu, sikusikia njaa siku ile! Nikaanza kukusanya makaratasi. Diploma iko. Karatasi ya mwenendo muzuri, Leta ikanipa. Direktere akaandika maneno mazuri juu yangu, mpaka nikaona haya kuyasoma. Ikabaki cheti cha afya tu.

Dokotere aliniambia nivue shati. Akaona doa, hapa begani, jeupe kidogo. Mimi nilizani ni jasho la shati. Akaniambia: “Funga macho. Nikikuchoma sindano, useme.”

Nikafunga macho. Nikangoja, nikangoja. Nikasema, “Bwana Dokotere, unaweza kuanza.”

Akanijibu polepole: “Mwalimu, nimeisha kumaliza.”

Munajua nilivyofika hapa, maana ndiyo njia yetu sote. Direktere alinirudishia dosie akiishika kwa ncha za vidole. Sikumukasirikia, aliogopa. Kaka za muke wangu wakasema wanamurudisha dada yao nyumbani. Nikaja peke yangu juu ya lori, nimekaa nyuma na magunia ya chumvi.

Musimu wa kuvuna ulipokwisha, nilimuona muke wangu anakuja na ile barabara, sufuria kichwani, kuku kwapani. Nikamufokea: “Umefuata nini huku?”

Akatua sufuria. “Mupunga niliisha kuvuna. Nilikuwa nangojea nini kule?”

Akauliza jiko liko wapi.

Dawa ilinisaidia, vile vidonge vyeupe munavyovijua. Lakini mukono ulikuwa umetangulia kuharibika. Nilishika sufuria ya moto bila kusikia, nyama ikaungua, vidole vikajikunja. Nilikuwa nalala kutwa. Wakiniita kufundisha watoto wa hapa kusoma, nilisema kesho. Ndugu zangu, nawaambia, ugonjwa ulikuwa umetoka katika damu, lakini mutu alikuwa bado hajaamuka.

Siku dokotere alitangaza nimepona, Masera, mutawa wa lopitali, akafurahi kuliko mimi. Akaniuliza, “Na ile dosie yako?”

Nikacheka. Nikamuonyesha mukono. Shule ile inataka barua ya kuomba, na mwombaji aiandike kwa mukono wake mwenyewe. Kalamu ilikuwa inaniponyoka kama samaki.

Rafiki yangu, katekista, mugonjwa mwenzetu, alikuwa na mwandiko muzuri sana. Akasema, “Neno dogo hilo. Wewe useme, mimi niandike. Nani atajua?” Na tena akanishauri nisitaje ukoma, niseme tu nilipumuzika kwa wazazi. Alinitakia mema, na mimi nilikuwa nimeisha kukubali.

Muke wangu alikuwa anatwanga majani ya sombe. Akasimamisha muchi.

“Na siku watakupa chaki, wakuambie uandike kwenye tablo mbele yao? Utamuita katekista?”

Katekista akaweka kalamu chini.

“Mukono wa kushoto haukuungua,” muke wangu akasema. Akaendelea kutwanga.

Wa kushoto! Kwetu hata chumvi hatupokei na wa kushoto. Lakini nikaanza. Kwanza kwa kijiti muchangani, kisha Masera akanipa ardwazi, kibao cha kuandikia, na chaki, nikakaa nyuma ya watoto wa darasa la kwanza, nikichora a, nikichora o. Ninyi wa zamani, musijifiche, mulicheka! Mulipita munasema, “Mwalimu amerudishwa darasa.” O yangu ilikuwa kama yai lililokanyagwa. Nililia kwa hasira, mutu muzima, mbele ya watoto. Mutoto mumoja wa kike akaniambia, “Usikamate chaki kwa nguvu, inachoka.” Ilikuwa kweli.

Mvua ikaja, ikaenda, nikaweza kuandika barua. Ilikuwa kwa Kifaransa, lakini maana yake ilikuwa hii: “Mwandiko huu ni wa mukono wangu wa kushoto. Wa kuume uliharibiwa na ukoma, na dokotere anashuhudia kwamba nimepona. Nimejifunza kuandika mara ya pili nikiwa mutu muzima. Kwa hiyo najua vizuri mutoto anapata taabu gani akianza.” Katekista aliisoma, akasema, “Usibadilishe kitu.” Anfirmie, muuguzi wa lopitali, akaipeleka Kasongo, posta.

Walikawia kujibu, nikakata tamaa tena. Kisha wakaniita mutihani. Na kweli, wakanipa chaki. Niliandika, mukono wa kushoto ukafuta nusu ya maneno ukipita. Mukubwa wa shule, naye padri, akasogea karibu ya tablo.

“Mwandiko wako ni mubaya,” akasema.

“Ndiyo, Mompere.”

“Lakini unasomeka. Masomo yanaanza baada ya Pasaka.”

Sitawadanganya, haikuwa asali. Mwenzangu wa chumba alihamisha kitanda chake. Ilipita muda mrefu kabla hajanipa mukono. Lakini nilimaliza, na sasa naenda Kasongo kufundisha walimu.

Aksanti kwa Masera. Aksanti kwa katekista, yuko pale ananicheka. Aksanti kwa ninyi, kicheko chenu kilinikasirisha, na hasira ikanisukuma kuandika. Muke wangu hapendi kushukuriwa mbele ya watu, kwa hiyo namutazama tu.

Na wewe mama uliyenishika pale mulangoni, ukaniuliza kama utarudi nyumbani. Nilikujibu haraka, unisamehe. Siku ya kurudi mimi siijui. Lakini ulisema ulikuwa fundi wa mikeka. Usingoje kupona, mama, wala usingoje vidole vya zamani. Anza hapa, hata mukeka ukipinda. Kesho asubuhi, kabla lori haijakuja, nitapita kwako unionyeshe umeanzia wapi.