Nani Atawachukua Watoto Shuleni

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki mlangoni tena. Kaburu, zima hiyo redio. Runji, wewe uliyetoka Siakago na vumbi lote hilo kwa sababu nilikuita, keti kwenye kiti cha mzee, usisimame kama mgeni, maana ndugu wa mkwe wangu ni mwanangu pia. Simu iwekwe hapa kwenye mto, sauti juu kabisa, ili binti yangu Gatwiri na mumewe Nyamu wanisikie huko Amerika, ambako ndiyo kwanza kunakucha. Gatwiri, nyamaza kulia. Daktari amesema figo zangu zimechoka, nami nilijua kabla yake. Nisikilizeni mpaka nimalize. Anayetaka kubishana atabishana nikishazikwa.

Mambo ya shamba ni mafupi. Migomba ya upande wa mfereji ni ya Kaburu, ya juu ni ya Gatwiri, na Kaburu ataitunza bila kusogeza mpaka hata kidogo, nakujua wewe. Ng'ombe ni wako pia, maana ndiwe uliyemkatia nyasi. Basi, hayo yamekwisha. Kinachoninyima usingizi si migomba.

Ni wajukuu wangu, Ciakuthii na Kiunga. Wazazi wao wanaishi huko bila karatasi za kuishi, kila mmoja hapa anajua na kila mmoja anajifanya hajui. Mwezi uliopita mwenzake Nyamu wa kazini alikamatwa kwenye maegesho, funguo za gari zikiwa bado mkononi, na mkewe akachukuliwa siku hiyo hiyo. Watoto wao walikaa shuleni mpaka giza likaingia, mwalimu hajui ampigie nani. Gatwiri aliponisimulia, sikungoja amalize. Nikamwuliza, nyinyi je, mwalimu atampigia nani? Akaanza kuniuliza habari za ng'ombe. Nikamwuliza tena. Mnajua alinijibu nini? Shuleni ameandikisha Kaburu!

Cheka, Kaburu, cheka, hata mimi nilicheka kabla sijalia. Naelewa alivyowaza. Kwetu mjomba ni mtu wa kuogopwa, kumruka ni kujitafutia laana, na alipoulizwa ni nani wa kuaminiwa na watoto, jina lililomjia mdomoni ni la kaka yake. Heshima hiyo ni nzuri, Gatwiri. Lakini huyu atawachukuaje? Simu italia hapa Mitunguu usiku, amelala anakoroma, na hata akiamka atapanda nini? Hana viza, hana pasipoti, amefika Mombasa mara moja tu na akatapika njia nzima.

Atakayewachukua ni Regina. Huyo mtu wa Ruiri anayekaa ng'ambo ya barabara kutoka kwenu, mwenye karatasi zote za huko, ambaye Kiunga anakula kwake kuliko anavyokula kwa mama yake. Najua, Kaburu, unasema hatujui ukoo wake. Ukoo wake utanisaidia nini mimi? Theluji ilipofunga barabara na hawa wawili wakakwama kazini, ni yeye aliyetembea kwa miguu akawaleta watoto kutoka shuleni, mdogo mgongoni. Gatwiri, Jumatatu nenda shuleni uandikishe jina lake. Kisha mwende kwa yule mwanasheria wa kanisani kwenu, mmpe Regina ruhusa ya maandishi ya kuwatunza na kuwapeleka hospitali. Wafanyieni pasipoti mapema. Na vyeti vyao vya kuzaliwa visikae kwenye mkoba wako, vikae kwa Regina, kwa sababu wakikuchukua, mkoba utakwenda nawe.

Sasa, wakiletwa huku Kenya bila wazazi, watakwenda Siakago kwa Runji na mkewe Ednah mpaka baba na mama yao watakapoweza kusimama. Naiona shingo yako inavyovimba, Kaburu. Ni kweli, wazee wa Nyamu walileta mbuzi, wakaleta blanketi, asali ya mahari hawakuleta, na baba yenu alikufa akiitaja. Mimi nilikasirika kuwashinda nyote, nikakataa hata kukanyaga Siakago. Leo asali hiyo nimeisamehe, mtu asiniletee tena maneno kwamba mahari haikuisha, kwa hiyo watoto ni wetu peke yetu. Ednah ni mwalimu, nyumba yake ina utulivu. Hapa kwako, mwanangu, ni kelele tangu alfajiri. Likizo watakuja kwako, uwafundishe kufungulia migomba maji. Peaneni mikono. Si hivyo jamani, mnashikana kama mmeungua! Haya. Hapo sawa.

Gatwiri, hili ni gumu, na nalisema mbele ya kaka yako ili asiwepo wa kukusema. Usije kunizika. Nyamu ameniambia umeanza kuulizia tikiti. Ukitoka huko hutarudi kwa watoto wako, na mimi nikiwa kaburini sitajua nani alikuja na nani hakuja. Nililie huko huko jikoni kwako. Uliniuguza kwa kila ulichokituma, sina kinyongo nawe hata chembe.

Nipe maji, Kaburu. Kidogo tu. Inatosha.

Bado jambo moja. Mwambieni mtoto. Mnasema Ciakuthii ni mdogo, mnasema kutaja jambo baya ni kuliita. Mimi kifo changu nimekitaja kila siku, na kinachoniua ni figo, si maneno. Mpe simu. Nyamu, nimesema umpe simu.

Ciakuthii. Ni nyanya, mama. Sijambo... nimechoka kidogo tu. Niambie, siku moja baba na mama wasiporudi nyumbani, utafanya nini? Sema polepole, Kiswahili chako kinanikimbia... Wapi? Kabatini? Utaingia kabatini na Kiunga. Ehe... Umeshaweka biskuti humo. Na maji. Na Regina akigonga?... Hutafungua. Hutamfungulia mtu yeyote mpaka mama aje. Na Kiunga akilia, je?

Utamziba mdomo.

Gatwiri, umesikia? Umemsikia mwanao? Mlikuwa mkinong'ona jikoni, naye amejipangia peke yake, biskuti na maji, mkono juu ya mdomo wa mtoto mdogo. Acha kulia, mtamlilia baadaye. Mwambieni sasa hivi, wote wawili, nikisikia. Mwambieni ni nani... Naam. Naam. Tena, hajaelewa.

Ciakuthii, nani akigonga unafungua?... Sema kwa nguvu, nyanya hasikii vizuri. Regina. Unamfungulia Regina, unamshika Kiunga mkono, mnakwenda naye. Si kosa. Mama hatakasirika. Si kosa lako, mjukuu wangu.

Ningekuwa karibu ningewatemea mate kifuani, kama mama yangu alivyonibariki. Mungu awatangulie... njiani na mlangoni. Runji, wewe pia. Kaburu... nilaze. Polepole. Hapana, simu msikate. Wanaongea na mtoto. Waacheni waongee.