Gilbert Mutwiri na Mwitaliano wa Chumba cha Chini

Mbele za Mungu na mbele yenu nyote mliofika, familia inasimulia maisha ya Gilbert Mutwiri Mbaabu, mume wa Nkatha na baba ya Stacy na Natasha. Wasifu unasomwa na dada yake, Rahab, kwa kuwa Nkatha amesema akisimama hapa mwenyewe atasema mengi kuliko haya. Ameomba jambo moja lisifichwe: alimwonea wivu mwanamume wa Kiitaliano, tena marehemu, muda wote walioishi katika nyumba yao ya Oakdale, na wivu wenyewe haujaisha hata leo.

Gilbert alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 karibu na Nkubu, Meru, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mbaabu na marehemu Mama Kaari. Akiwa mdogo aliugua nimonia, akalazwa katika hospitali ya misheni. Padre Silvano, Mwitaliano, alikuwa akileta gramafoni wodini ili watoto watulie. Humo ndimo Gilbert alimomsikia kwanza Ottorino Valsecca, mwimbaji wa sauti ya teno aliyerekodi santuri zake Milano zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akiimbia ndani ya pembe ya bati kwa sababu maikrofoni zilikuwa bado. Gilbert alizoea kusema kwamba siku zile yeye alikuwa akitafuta pumzi, na mle ndani ya pembe kulikuwa na mtu mwenye pumzi za kumwaga. Nkatha naye husema angekuwa yeye muuguzi wa zamu, ile gramafoni ingerudi kwa padre siku hiyo hiyo.

Alisoma shule ya msingi pale misheni, kisha sekondari mjini Meru, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1979. Mwaka 1983 alihitimu uuguzi Nairobi, akarudi kufanya kazi nyumbani.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Nkatha katika kanisa la Nkubu. Nkatha alikuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na kijana Gilbert hakukosa kukaa benchi la mbele. Nkatha alijua anatazamwa, akawa anavaa kwa bidii. Baada ya harusi ndipo Gilbert alipomweleza, bila hata kuona haya, kwamba alikuwa akisikiliza wanakwaya wanavutia pumzi wapi. Nkatha hakulisahau.

Mwaka 1998 walihamia Minnesota, Marekani. Gilbert alianza kwa kuhudumia wazee katika makao ya wazee huko Bloomington, akisoma huku akifanya kazi, kisha akaajiriwa na hospitali moja ya Saint Paul kuhudumia wagonjwa wenye shida ya kupumua. Aliifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2023. Wenzake wamesimulia kwamba alikuwa akisimama mlangoni, anafumba macho, na kabla hajagusa mashine yoyote ameshajua mgonjwa ameamkaje.

Mwaka 2004 walinunua nyumba Oakdale. Nkatha aliipangia besmenti, chumba cha chini ya nyumba, iwe ya wageni kutoka nyumbani. Akaingia mgeni mmoja tu, naye hakuondoka. Gilbert alikuwa amejuana na Eric Lindgren, mwenye studio ndogo Saint Louis Park, ambaye kazi yake ni kuzirudishia uhai santuri kuukuu ili watu wa leo wazisikilize hata kwenye simu. Eric alimpa santuri moja ya Valsecca ajaribu. Baada ya hapo mlango wa besmenti ukawa unafungwa kila jioni mara tu sahani zinapoondolewa mezani.

Gilbert aliziosha santuri zile kwenye sinki la jikoni, kwa maji ya uvuguvugu na taulo laini za Natasha alipokuwa mchanga, polepole, kwa upole ambao Nkatha anasema Natasha mwenyewe hakuuona. Alitafuta sindano iliyofaa kila mfereji. Alipunguza mikwaruzo kidogo kidogo, na alikataa katakata kuondoa pumzi za mwimbaji, ingawa mafundi wengine huzifuta pamoja na takataka. "Njoo usikie alivyoshusha pumzi hapa," alimwita mkewe siku moja.

"Mimi nashusha pumzi humu ndani kila siku," Nkatha akamjibu akiwa juu ya ngazi. "Yangu ulishawahi kuiitia mtu?"

Binti yao Natasha alimwambia mamake kwa Kiingereza kwamba ni aibu kushindana na mtu aliyekufa kabla nyanya hajazaliwa. Nkatha akamjibu kwa Kiswahili kwamba aliyekufa ndiye mbaya, kwa sababu hazeeki wala hakoromi. Picha ya Valsecca, mwenye masharubu, ilitundikwa sebuleni kando ya picha ya harusi. Jumuiya ilipokuja kusali, Mama Kemunto akaipigia magoti akiuliza huyu ni mwenyeheri gani. Kesho yake Nkatha aliihamishia kwenye chumba cha kufulia.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kutafuta mwendo. Zamani mashine za kurekodi hazikuzunguka kwa kasi moja, kwa hivyo santuri ikichezwa haraka mno Valsecca alilia kama mbuzi, na ikichezwa polepole mno akawa mlevi. Gilbert aliongeza, akapunguza, jioni nzima. Huko juu Nkatha aliosha sufuria zake bila kujali mbuzi wala mlevi. Lakini kila jioni ilifika saa ambapo sauti ilikuwa ya mwanamume mzima, mwenye kifua na mate mdomoni, amesimama ndani ya nyumba yake. Hapo Nkatha alishindwa kuvumilia. Alikanyaga sakafu kwa kisigino, mara moja, kwa nguvu. Sauti ilishushwa papo hapo, na kutoka chini Gilbert akaita, "Pole, mama." Nkatha alirudi kwenye sufuria zake akiwa ameshinda.

Mnamo Septemba 2024 Gilbert alipatikana na saratani ya kongosho. Alitibiwa Saint Paul, miongoni mwa watu aliofanya nao kazi, na hakulalamika. Mwezi wa Aprili, akiwa amelazwa, alimwomba mkewe kitu kimoja: siku ya kumzika, Valsecca aimbe wimbo mmoja. Nkatha alikuwa akimpaka mafuta miguuni.

"Nimekuuguza mimi," alisema. "Huyo hataimba juu ya kaburi lako nikiwa hai."

Gilbert alicheka kidogo, akasema sawa. Hawakulizungumza tena. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, Nkatha akiwa amemshika mkono.

Siku ya pili ya matanga alikuja Eric, amebeba santuri ya mwisho ambayo Gilbert hakuimaliza. Mikwaruzo ilikuwa imeshapunguzwa. Kilichobaki ni mwendo. Aliuliza kama Nkatha angemsaidia. Nkatha akamwambia amekosea mtu.

"Sijakosea," Eric alisema. "Gilbert hakuwahi kuniletea wimbo kabla ya wewe kukanyaga sakafu. Alisema mimi nina masikio, lakini mke wake ana wivu, na wivu wake haujawahi kukosea mwendo."

Nkatha alikasirika. Alisema kumbe miaka yote alikuwa akifanyishwa kazi ya mtu asiyempenda, tena bila kuambiwa. Waombolezaji walitua vikombe vyao vya chai mezani. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akafungua maji, akaanza kuosha sufuria zilizokuwa safi. Eric alielewa, akashuka besmenti.

Alikuja mbuzi, Nkatha akasugua. Alikuja mlevi, akasugua. Halafu mwanamume akaingia nyumbani, akavuta pumzi, na Nkatha akakanyaga sakafu mpaka vikombe vikatikisika. Eric, mgeni wa desturi hiyo, hakujua kwamba sasa sauti hushushwa. Wimbo ukaendelea kwa nguvu mpaka mwisho, na hakuna aliyesema pole. Hapo ndipo Nkatha alipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Marehemu ameacha mjane wake Nkatha, mabinti Stacy na Natasha, mkwe wake Kamau, mjukuu mmoja, dada yake Rahab, rafiki yake Eric, na jumuiya yote ya hapa Minnesota na ya Nkubu.

Baada ya wasifu huu, Valsecca ataimba. Nkatha ameruhusu wimbo mmoja, si mbili, na amesema aeleweke: hajamsamehe. Mkisikia mguu, ni wake. Aliye karibu naye amwambie pole.

Gilbert wetu, lala kwa amani, na huko uliko, punguza sauti.